Hakuna Kilichopatikana

Machi 3

Nimefungua daftari hili kwa sababu wifi amechoka kunisikiliza. "Andika, wifi," kaniambia asubuhi, "karatasi haichoki, mimi nimechoka." Basi naandika.

Duka si langu, ni la wifi yangu, mjane wa kaka yangu. Ni chumba kimoja cha chini chenye kaunta ya mbao na droo mia moja na kumi na mbili. Tunauza nyuzi za kudarizi, shanga, tepe, vifungo na sindano kwa watu wanaofanya kazi za mikono kwa kujifurahisha. Mimi nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, kwenye nchi ambayo sijaiona kwa miaka thelathini na sita. Hapa tunalala nyuma ya duka, na kazi yangu ni kuandika vibandiko vya droo na kulalamika.

Sasa mwenye jengo anakitaka chumba ifikapo mwisho wa Mei. Duka la dawa la jirani linapanuliwa. Ghorofa ya juu kuna chumba kikubwa kitupu na vidogo viwili vya pembeni, lakini hakuna mteja atakayepanda ngazi ishirini na mbili kutafuta kifungo. Kwa hiyo wifi amekata shauri hivi: kama duka letu la mtandaoni litaweza kusimama lenyewe kabla ya mvua kuisha, tutahamia juu na kuuza kwa simu. Likishindwa, atamkabidhi mali yote mfanyabiashara wa jumla, aende akaishi kwa binti yake, safari ya siku mbili kutoka hapa.

"Na mimi?" nikauliza.

"Nawe unakuja, wifi. Binti kasema kuna kitanda sebuleni."

Nimelala kwenye sebule za watu katika miji minne. Sitaki ya tano.

Machi 5

Tovuti yetu ya sasa ni aibu. Kila picha ina kidole gumba cha wifi. Nyuzi za bluu zinaonekana nyeusi, nyeusi hazionekani kabisa, na ukibonyeza palipoandikwa "Vifungo" unapelekwa kwenye sindano.

Tumemwita mtu wa kuisuka upya. Anafanya kazi chumba cha mwisho cha ghorofa ya juu, ana upara na miaka arobaini na kitu, na wifi humwita Fundi wa Juu. Alikaa mbele ya kaunta, akaitazama tovuti kwenye simu yake muda mrefu kama daktari anayetafuta maneno ya kumwambia mgonjwa.

"Mama," akamwambia wifi, "hii nani aliitengeneza?"

"Mimi."

"Ah. Ina... ina moyo."

"Sema tu ni mbovu, Fundi. Mimi sili mtu."

Akacheka, akaanza kueleza: picha mpya, kurasa zisizochelewa kufunguka, na kisanduku cha kutafutia juu kabisa ili mteja aandike anachotaka. Halafu akasema atapanga pia majina ya bidhaa. Hapo nikavaa miwani. Nikamwambia maneno ya duka hili ni yangu. Nimesahihisha vitabu vya shule, sheria na kamusi. Picha ni zake, maneno ni yangu.

"Sawa, shangazi," akasema. "Maneno ni yako."

Machi 9

Mvua. Ndoo ya kona ya kibaraza, bati linapovuja, imejaa mara mbili.

Machi 14

Siku ya kwanza niliyompenda Fundi, na siku ya kwanza niliyomchukia.

Asubuhi alileta picha. Kila kidonge cha uzi kimepigwa peke yake juu ya karatasi nyeupe, karibu na dirisha, na kwa mara ya kwanza nimeona tofauti ya rangi ya udongo mkavu na udongo mbichi kwenye kioo cha simu.

Mchana akaniletea ukurasa wa majina. Alikuwa ameandika: Uzi. Ushanga. Utepe. Kifungo. Kana kwamba duka zima lina uzi mmoja na ushanga mmoja! Nikamwuliza, ukipita mbele ya bucha umeona pameandikwa "Nyama moja"? Nikachukua kalamu nyekundu, nikarekebisha zote: Nyuzi, Shanga, Tepe, Vifungo. Nyuzi nyekundu, tepe nyeupe, shanga nyeusi. Bidhaa mia nne na sita, zote katika wingi, kila kivumishi kikikubaliana na nomino yake. Pia pale mashine inapokosa kitu ilikuwa imeandika "Matokeo sifuri", maneno ya msimamizi wa mtihani. Nikaandika: "Hakuna kilichopatikana." Kiswahili safi na cha adabu.

Fundi aliitazama karatasi yangu, akakuna upara. "Shangazi, lakini watu..."

"Watu wataongozwa na sisi," nikasema.

Machi 15

Mvua. Mgongo.

Machi 20

Fundi kashuka wakati mvua inapiga bati la kibaraza mpaka mtu hasikii mawazo yake. Alikuwa akipaza sauti kuhusu umoja, tuweke umoja. Nikamjibu kwa sauti ileile kwamba umoja tunao, tunachokosa ni kasi, maana alituahidi tovuti wiki iliyopita. Akanyanyua mikono, akapanda zake.

Machi 27

Duka jipya limefunguliwa mtandaoni leo saa nne. Ni zuri. Lazima niandike ukweli, ni zuri kama ukurasa usio na kosa. Wifi alisimama nyuma yangu akilia kidogo na kukana.

Hakuna oda.

Machi 29

Oda moja: sindano.

Aprili 2

Oda tatu wiki nzima. Sindano, sindano, pini.

"Hawa watu wanashona kwa nini?" wifi kauliza. "Kwa hewa?"

Aprili 8

Oda nne. Tatu sindano. Mmoja kaagiza pamba. Tunatazama simu kama jamaa wa mgonjwa wanavyotazama mlango wa chumba cha upasuaji. Dukani wateja wa kawaida bado wanakuja na miavuli yao, wananunua nyuzi kama zamani, lakini wifi hahesabu hao. Hao ni wa kaunta, na kaunta itaondoka.

Nimeanza kumshuku Fundi. Kitufe cha kununua amekipaka kijani kilichofifia, rangi ya ukuta wa hospitali. Nani anunue kitu kwa rangi hiyo?

Aprili 11

Nimepanda ngazi zote ishirini na mbili kumwambia kuhusu kijani.

"Shangazi, si kijani. Watu wanafika, wanatafuta, wanaondoka. Orodha inaonyesha."

"Wanaondoka kwa sababu ya kijani."

Akabadilisha. Sasa ni rangi ya chungwa.

Aprili 15

Sindano.

Aprili 19

Nimesema maneno mabaya leo na nayaandika kwa sababu nilijiahidi kuandika yote. Wifi alimwita Fundi chini. Nikamwambia mbele yake kwamba anajua kupamba mlango lakini hajui kuufungua, kwamba vijana wa siku hizi hujifunza rangi kabla ya herufi. Ana miaka arobaini na tatu, nimeambiwa baadaye. Alimtazama wifi, wifi akatazama droo.

"Kila Ijumaa nakutumia orodha, shangazi," akasema tu. "Ungeisoma."

Sikujua ni orodha gani. Simu yangu inapokea mambo mengi siku za Ijumaa, mengi yao matangazo ya viatu.

Aprili 26

Wifi amemwambia Fundi asiendelee. Kwa upole, lakini amemwambia. Yeye alisema, "Haya, mama, mkinihitaji niko juu," akakunja kompyuta yake. Nilikuwa nikipanga vifungo kwa ukubwa na sikuinua kichwa.

Nilitegemea kufurahi.

Aprili 30

Mfanyabiashara wa jumla kaja kuona mali. Mtu mnene, mpole, mwenye mwavuli mkubwa kuliko mlango wetu. Alivuta droo, akachota shanga kwa kiganja kama mtu anayepima mchele, akazirudisha, tatu zikaanguka chini. Hakuziokota. Wifi ndiye aliyepiga magoti.

Atarudi tarehe ishirini na tano. Wifi kaanza kuzungumza na binti yake kila jioni kuhusu kile kitanda.

Mei 4

Leo nitaandika mengi.

Saa tano, mvua ikiwa imetulia kidogo, aliingia nesi mstaafu, yule anayedarizi vitambaa vya meza na kuwagawia watu ambao hawakuomba. Hakuwa amefika tangu Februari kwa sababu ya goti. Alijitupa kwenye kiti, akanielekezea fimbo.

"Nyinyi mna roho mbaya," akasema. "Mnafunga biashara ya uzi bila hata kuaga?"

"Nani kafunga?"

"Nyinyi! Mwezi mzima natafuta kwenye hicho kiduka chenu cha simu. Uzi mwekundu, hakuna. Uzi mweupe, hakuna. Nikasema labda mwekundu umekwisha, nikaandika uzi tu. Hakuna kilichopatikana! Mnauza nini sasa, sindano tupu? Hamuuzi uzi?"

Wifi akacheka. "Tunauza, dada. Nyuzi zipo tele, tena..."

Akaendelea kuzungumza, lakini mimi nilikuwa nimesikia. Nyuzi. Uzi. Nilichukua simu ya nesi kutoka mkononi mwake bila kuomba, nikaandika herufi tatu: u, z, i. Ikanijibu kwa Kiswahili safi na cha adabu: Hakuna kilichopatikana. Nikaandika ushanga. Hakuna. Utepe. Hakuna. Mkasi, kifungo. Hakuna, hakuna. Nikaandika nyuzi, na rangi mia mbili zikamwagika kwenye kioo. Nikaandika sindano, neno lisilobadilika iwe moja au elfu, zikaja zote.

Mashine ile haijui kwamba uzi na nyuzi ni kitu kimoja. Inalinganisha herufi kuanzia ya kwanza, basi. Na hakuna binadamu anayeingia dukani akasema "naomba nyuzi nyekundu." Husema anataka uzi mwekundu. Mimi mwenyewe husema hivyo. Nimesema hivyo maisha yangu yote, isipokuwa nilipokuwa na kalamu nyekundu mkononi.

Nilimpa nesi vidonge vyake sita vya uzi. Wifi hakuelewa kilichotokea, na sikumwambia. Nilisema naenda kujilaza.

Nimejilaza nikikumbuka dirisha la ofisi moja, mji wa pili kati ya ile minne. Kila Jumatatu nilisimama pale nikitaja jina langu, na karani akifungua jalada, akipitisha kidole, akisema: hakuna jina kama hilo. Mwaka mmoja na miezi saba. Jina lilikuwamo. Aliyeniandikisha mpakani alilianza kwa herufi nyingine, kama alivyozoea kwao, na karani alikuwa akitafuta herufi niliyompa mimi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mwandiko mzuri sana. Nilimchukia kwa miaka mingi kwa sababu hakupata kuniuliza, mama, labda limeandikwa vingine?

Mei 5

Sijasema. Wifi kaanza kutafuta maboksi.

Nimerudi nyuma kwenye daftari hili. Machi 20: umoja, tuweke umoja. Umoja na wingi! Alikuwa akiniomba tuweke umoja wa maneno, nami msahihishaji mzima nikamjibu kama mtu aliye kwenye mkutano wa hadhara.

Mei 6

Nimepanda ngazi. Nilipumzika kwenye ya kumi na moja, si kwa sababu ya pumzi.

Fundi alikuwa akitengeneza tangazo la mtu wa vigae. Hakusimama, lakini alinisogezea kiti kwa mguu.

"Kosa ni langu," nikasema. "Uzi na nyuzi."

"Najua, shangazi."

"Ulijua?"

"Tangu wiki ya kwanza. Nikakwambia, ukanihutubia. Nikakutumia orodha. Uliniambia maneno ni yako."

"Ungenilazimisha."

Akageuka, akanitazama vizuri. "Wewe? Nani akulazimishe wewe?"

Halafu akanifungulia orodha yenyewe, maneno yote ambayo watu wameandika kwenye kisanduku tangu siku ya kufungua, yale yaliyojibiwa hakuna. Nilitegemea takwimu. Nilikuta watu.

*uzi. uzi mwekundu. uzi mwekundu tafadhali. ushanga mweupe mdogo. utepe wa zawadi ya mtoto. uzi uzi uzi. habari za mchana naomba uzi wa kijani. mauzi. mkasi mdogo kwa mkono wa kushoto. jamani uzi. uzi wa rangi ya macho ya paka wangu. kuna mtu?*

Mistari elfu moja mia mbili na arobaini. Wamekuwa wakigonga mlango msimu mzima, na kila mmoja amejibiwa kwa sentensi yangu.

"Haya ya paka," nikasema, "tunayo. Droo ya sitini na mbili."

"Basi shuka ukamwambie mama," akasema Fundi. "Mimi siwezi kurudi kwa mlango wako. Nitarudi kwa mlango wake."

Mei 6, baadaye

Nimemwambia wifi akiwa anakunja mifuko. Alisikiliza mpaka mwisho. Sura yake ilipita hasira, ikafika mahali pengine nisipopajua.

"Yule kaka wa watu nimemwondoa kwa sababu yako."

"Ndiyo."

"Nawe ulikaa hapo ukipanga vifungo."

"Ndiyo, wifi."

"Mumewe marehemu wangu," akasema, akimaanisha kaka yangu, hasira ilimchanganya hata maneno, nami kwa mara ya kwanza maishani sikumsahihisha. Akavaa kandambili, akapanda juu mwenyewe kumrudisha. Nilisikia hatua zake zote ishirini na mbili.

Mei 8

Fundi amefungua nafasi chini ya kila bidhaa ambayo mteja haioni, ila mashine inaisoma. Humo ndimo niandike kila namna ambayo mtu anaweza kukiita kitu. Uzi, nyuzi. Mwekundu, nyekundu. Sawa. Halafu akasema: na makosa pia.

"Makosa gani?"

"Yote. Mauzi. Mashanga. Uzii. Nyusi."

"Nyusi ni za usoni!"

"Kuna mtu aliandika nyusi nyeusi mara tisa, shangazi. Unadhani anatafuta za usoni kwetu?"

Miaka mingi nililipwa kung'oa makosa. Sasa nayapanda kwa mikono yangu, moja moja, bidhaa mia nne na sita. Leo nimefika arobaini na kichwa kinauma.

Mei 11

Mia moja na thelathini. *Utepi, mautepe, ribon, riboni.* Fundi ananipitia nyuma: "Hilo umeliandika sahihi, shangazi, likosee kidogo." Ana furaha isiyo ya lazima.

Mei 13

Mvua. Mia mbili na sabini. Wifi hasemi nami zaidi ya "chai hii hapa."

Mei 16

Zimekwisha. Nimegundua pia kwamba chungwa ni rangi mbaya kwa kitufe. Tumerudisha kijani.

Mei 17

Oda sita. Nne uzi, moja ushanga, moja sindano.

Mei 18

Kumi na moja.

Mei 20

Ishirini na tatu. Tumefunga vifurushi mpaka gundi ikaisha. Wifi kaniuliza mkasi uko wapi, sentensi ndefu kuliko zote tangu tarehe sita.

Mei 23

Mtu wa paka kaagiza. Vidonge viwili. Nilimfungia mwenyewe.

Mei 25

Mfanyabiashara wa jumla kafika na gari, mvua ikiwa rasharasha. Wifi alimkaribisha kiti. Sikujua angesema nini. Wiki moja nzuri si kusimama, hata mimi najua. Binti yake alikuwa ameshanunua shuka za kitanda kile.

"Samahani kwa safari," wifi akamwambia. "Kaunta chukua, na kabati hili, droo zake zibaki. Mali naona nitabaki nayo."

"Mama, tulikubaliana," yule mtu akasema, bila ukali.

"Tulikubaliana uje uone. Umeona."

Akakuna shingo, akatazama kabati, akaita watu wake walibebe. Walipotoka wifi alinigeukia, na nilijiandaa kwa lolote.

"Mwaka mmoja," akasema. "Mwaka mmoja tu wa kujaribu, wifi. Ukirudia kunisahihishia duka, nakupeleka kwenye hicho kitanda kwa mikono yangu."

"Sawa."

"Na Fundi umwombe radhi, siyo kwa kupanda ngazi na kutangaza kosa kama gazeti. Umwombe."

Nimemwomba. Alisema yamekwisha, shangazi, lakini alisema akitazama kompyuta, na nadhani hayajaisha kabisa. Ana haki yake.

Mei 30

Tumehama. Droo zote, bila kabati lake, zimepandishwa moja moja na Fundi na watu wawili wa duka la dawa waliokuwa na haraka ya kuanza kubomoa ukuta. Paa la juu halivuji, ila mlango wa chumba changu haufungi na dirisha linatazama tangi la maji. Wamepandisha droo bila mpangilio: kumi na nne iko kando ya tisini, shanga zimechanganyika na vifungo, na mtu kakanyaga boksi la tepe nyeupe. Nimepaza sauti mara tatu kabla ya saa sita.

Kutoka kwetu mpaka hapa nimehama mara tano. Kila mara niliambiwa mahali pangu ni wapi, kona ile, kitanda kile, nyuma ya pazia lile, nami nikaweka begi nikashukuru. Leo wifi alisimama katikati ya chumba kikubwa, droo ya nyuzi nyekundu imemlemea kifuani, jasho likimtoka, akanifokea:

"Wifi, usinisimamie hapo kama mgeni! Hizi nyuzi zikae wapi?"

Nilizikagua kwanza kuta zote nne, mpaka akatukana. Nikasema ziwe ukuta wa mashariki, mbali na jua la mchana, kwa sababu nyekundu hupauka kabla ya zote.

Fundi aliziweka ukuta wa magharibi. Kesho nitamfanya azihamishe.